Tuba ya F Kutoka Kensington

Katika okestra kuna fidla nyingi, selo nane, honi nne, tromboni tatu na tuba moja. Nilipoanza kuitwa kufanya vibarua katika okestra moja ya hapa Johannesburg, hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza. Mpiga fidla akipotea kwenye nota anamtazama jirani yake na kuingia tena. Mimi nikipotea sina wa kumtazama. Kulia kwangu alikaa bwana mmoja wa tromboni ya besi, mtu mpole mwenye mambo yake, na kushoto kwangu palikuwa na ukuta.

Tena kuna wiki ambazo tuba haihitajiki kabisa. Muziki mwingi wa zamani uliandikwa kabla haijabuniwa, kwa hiyo wenzangu walikwenda mazoezini nami nikabaki chumbani kwangu, mtaa wa Bertrams. Na hata nilipohitajika, kazi yangu kubwa ilikuwa kuhesabu. Vipimo sabini vya kimya, nota nne, kisha vipimo vingine arobaini. Unakaa umekumbatia chuma baridi mbele ya watu elfu moja, na hakuna anayejua kwamba midomo yako inatikisika kwa kuhesabu.

Mimi nimezaliwa milimani Usambara, katika usharika wa Kilutheri wenye bendi ya matarumbeta. Tuba kule tunaiita besi. Baba yangu aliipiga besi hiyo kwenye ibada na misiba kwa miaka mingi, mpaka meno yake ya mbele yalipoanza kulegea. Besi ikakosa mtu. Vijana wote walitaka tarumbeta, chombo cha kupiga wimbo wenyewe, na hakuna aliyetaka kupanda mlima akiwa na besi begani. Baba akanitazama, mimi binti yake wa tatu, mrefu kuliko kaka zangu, akasema, "Hebu shika." Nikashika. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Baadaye alikuja mwalimu mgeni kuendesha semina ya matarumbeta. Alinisikia, akaandika barua huku na huku, nami nikapata nafasi ya kusoma muziki chuo kikuu hapa Johannesburg. Nilipomaliza sikurudi. Nyumbani hakuna okestra, na mimi nilikuwa nimeshaonja kukaa nyuma ya okestra nzima na kuhisi sakafu ikitetemeka kwa pumzi yangu. Nikapanga chumba katika nyumba ya zamani ya Bertrams, yenye paa la bati na kibaraza cha mbao kilichooza. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, alikodi fundi cherehani Mkongo kutoka Bukavu. Yeye ndiye pekee niliyezungumza naye Kiswahili ana kwa ana.

Siku ya kwanza aliponisikia nikifanya mazoezi aligonga mlango, tepu ya kupimia ikiwa shingoni.

"Dada, samahani. Njo nini inalia humu?"

Nikamwonyesha tuba. Akaizunguka mara mbili.

"Eish. Mi nilizani ni ng'ombe." Kisha akaona uso wangu, akajirekebisha. "Lakini ng'ombe muzuri, dada. Ng'ombe mwenye alishiba."

Tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana. Lakini alikuwa na mke na watoto wanne, na kanisa lililomchukua Jumapili nzima. Mimi nilirudi chumbani, nikafunga mlango, nikaweka kizibo kwenye mdomo wa tuba ili sauti isiwasumbue majirani. Ukiweka kizibo, sauti inarudi kwako mwenyewe, kama unaongea ndani ya ndoo.

Mwaka wa tatu wa vibarua, mpiga tuba wa kudumu wa okestra, ambaye nilikuwa nikishika nafasi yake asipokuwepo, alihama, nafasi yake ikatangazwa. Usaili ungefanyika baada ya miezi minne. Orodha ya vipande vya kupiga ilipotoka, niliisoma nikiwa nimesimama nje ya ukumbi wa mazoezi. Bwana wa tromboni ya besi akaja nyuma yangu, akasoma juu ya bega langu.

"Una tuba ya F?" akaniuliza.

"Sina."

"Basi huna usaili," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekwambia mvua itanyesha.

Wapigaji wa kulipwa huwa na tuba mbili. Kuna ile kubwa, ambayo inabeba okestra nzima mgongoni, na kuna ndogo ya F. Ndogo ni namna ya kusema tu, maana bado ni mzigo wa kukumbatia kwa mikono miwili. Na kwa kweli hiyo ndogo ndiyo dada mkubwa wa familia: tuba ya kwanza kabisa, iliyotengenezwa Berlin, ilikuwa ya F, na zile kubwa zikafuata. Wajerumani hadi leo humlea mwanafunzi kwa F kwanza. Waingereza waliipiga kwa muda mrefu, kisha wakahamia nyingine. Wafaransa walikuwa na yao, ndogo zaidi. Wamarekani hupenda kubwa, na F wanaitoa pale mtunzi anapoipandisha tuba juu, au mpigaji anaposimama kupiga peke yake. F ina sauti nyembamba kidogo, yenye ukingo, na juu huimba kama mwanamume mwenye sauti nzuri asiyejikaza. Kwenye usaili, kipande cha kupiga peke yako huwa ni cha F. Ukikipiga kwa ile kubwa, ni kama kushona kifungo kwa msumari.

Chuoni nilijifunza F kwa mwaka mmoja kwenye tuba ya chuo. Nilipohitimu niliirudisha stoo. Mjini ziko chache, na wenye nazo wanazihitaji.

Bwana wa tromboni akaniambia kuhusu mzee mmoja wa mtaa wa Kensington, mpiga tuba mstaafu ambaye hapokei simu. "Nenda tu," akasema. "Gonga kwa nguvu."

Kutoka Bertrams hadi Kensington si mbali, ila ni kupanda. Nilikwenda asubuhi ya Jumamosi. Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, na bustani yake ilikuwa imeachiwa nyasi. Aliyefungua mlango alikuwa mzee wa Kizungu, mrefu, mwenye mikono mikubwa. Nusu ya uso wake ilikuwa imelala. Jicho la kushoto halikufumba sawasawa, na mdomo upande huo ulishuka kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

Tuliongea Kiingereza. Naandika hapa kwa Kiswahili jinsi ninavyokumbuka.

"Hapa hatununui kitu," akasema.

"Sikuja kuuza, bwana. Mimi ni mpiga tuba."

Alinitazama tangu kichwani hadi miguuni, akachukua muda wake. Sikupenda.

"Unapiga nini?"

"Ya B, ile kubwa. Besi ya kanisa, kisha ya chuo. Nahitaji F kwa ajili ya usaili."

"Kila mtu anahitaji F kwa ajili ya usaili," akasema. "Halafu wakipata kazi wanaiacha kabatini." Lakini alisogea mlangoni nikapita.

Tuba ilikuwa sebuleni, kwenye kona, imesimama juu ya mdomo wake mpana karibu na kiti chenye mto. Ilikuwa ya zamani, vali zake tano zikiwa za kuzunguka, rangi yake ya dhahabu imetoka pale mkono wa kushoto unaposhika. Aliniambia aliinunua akiwa kijana, Ujerumani, kwa fundi aliyefanya kazi na kaka zake wawili katika kijiji ambacho nusu ya watu walitengeneza vyombo vya shaba. Mama yake alikuwa Mjerumani, ndiyo maana alipelekwa huko kusoma. Alikuja nayo hadi hapa, akapiga katika okestra hii hii yetu kwa zaidi ya miaka thelathini. Kisha asubuhi moja, miaka minane kabla sijamgongea mlango, aliamka akaenda kunywa kahawa, na kahawa ikamwagika shatini. Mshipa wa uso ulikuwa umekufa ganzi. Madaktari walisema utarudi wenyewe. Ulirudi nusu.

"Kwa kula, nusu inatosha," akasema. "Kwa tuba haitoshi."

Aliniambia nipige. Nilipiga wimbo wa kanisani, wa misiba, kwa kuwa ndio ambao vidole vyangu viliujua bila akili. Lakini vidole vya tuba ya B si vidole vya F, na nilikosea kila mahali. Mzee hakucheka. Alipoona nashuka kwenye nota za chini, aliinua mkono.

"Piga C. Ile ya chini."

Nilipiga. Ilitoka hewa, kisha kitu kama mtu anayekohoa chumba cha pili.

"Hilo ni shimo," akasema, na kwa mara ya kwanza upande mzima wa uso wake ukatabasamu. "Kila tuba ya F ya aina hii ina shimo pale. Juu inaimba, chini kabisa inanguruma, lakini hapo katikati hakuna sakafu. Watu wamelia kwa ajili ya C hiyo."

Aliniazima. Hakuandika karatasi yoyote. Aliiweka ndani ya begi lake, akafunga zipu mwenyewe, polepole, akaniambia nisiiweke karibu na hita.

Wiki za kwanza nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na pa kuipeleka. Nilimpigia baba simu ya video, nikaisimamisha tuba mbele ya kioo cha simu. Baba alikuwa nje ya nyumba, ameshika simu karibu mno, naona sikio moja na kipande cha anga.

"Ni ndogo," akasema. "Wamekupa ya watoto?"

"Hapana baba, hii ndiyo ya wataalamu. Sikiliza."

Nikampigia kipande kizima, dakika tatu. Nilipomaliza palikuwa kimya, nikadhani mtandao umekatika.

"Baba?"

"Nipo, mwanangu."

"Umesikiaje?"

"Pale juu nimesikia vizuri. Ukishuka, simu haiwezi. Nasikia vidole vyako vinagongagonga, nasikia unavuta pumzi. Unavuta vizuri. Una mapafu mazuri."

Nilimshukuru. Baada ya simu nilikaa kitandani kwa muda. Maisha yangu yote nilikuwa nafanyia kazi sauti za chini, na hizo ndizo zisizofika nyumbani.

Nilifanya mazoezi saa nne kila siku. Juu kulikwenda vizuri. C ya chini haikuja. Ilikuja mara moja katika mara kumi, na katika usaili unapewa mara moja tu.

Miezi miwili ikapita, ukawa wa tatu. Zikiwa zimebaki wiki mbili na nusu, simu ikaita. Mzee hakusalimia.

"Naitaka tuba yangu."

Nilidhani sikusikia. "Bwana, usaili ni tarehe—"

"Najua usaili ni lini. Naitaka nyumbani. Kesho."

Akakata. Nilikasirika. Nilikwenda kwa fundi, kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine. Alikuwa anapinda pindo la suruali ya sare ya mlinzi. Nikamweleza yote kwa haraka, hata nikamwambia kwamba hawa watu ndivyo walivyo, wanakupa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine.

Fundi alisimamisha cherehani.

"Huyo muzee anaishi na nani?"

"Peke yake."

"Bibi yake?"

"Alikufa. Mtoto yuko Australia."

"Na ile tuba ilikuwa wapi mu nyumba?"

"Sebuleni. Kwenye kona."

Fundi alirudi kwenye pindo lake. Akasema, "Peleka, dada. Lakini usiiache mulangoni. Ingia."

Asubuhi nilipanda nayo mgongoni. Mzee alifungua mlango kabla sijagonga, nadhani alikuwa dirishani. Hakunitazama machoni. Alikuwa hajanyoa. Nilipita hadi sebuleni, na pale kwenye kona palikuwa patupu, ila amepafagia. Nikaitoa tuba kwenye begi, nikaisimamisha ilipokuwa. Mzee akakaa kwenye kiti chenye mto, akaweka mkono juu ya mirija yake kama mtu anayemgusa ng'ombe kuona kama ana homa.

"Nilidhani nitazoea," akasema. "Siipigi. Miaka minane siipigi. Lakini nikiingia humu ndani nilikuwa naisalimia. Sasa naingia, hakuna wa kumsalimia."

Hasira yangu ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekosa pa kushika. Nilijua alichokuwa anasema. Mimi mwenyewe nilikuwa naiambia tuba habari za asubuhi, tena kwa Kisambaa, lugha ambayo sikuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

"Basi nitakuja kupigia hapa," nikamwambia. "Kila siku, saa mbili asubuhi, mpaka siku ya usaili. Tuba itabaki kwenye kona."

"Sitakufundisha," akasema. "Nilikuwa mwalimu mbaya. Wanafunzi wangu wote waliacha."

"Usinifundishe. Kaa tu."

Siku tatu alikaa tu. Ya nne hakuweza kuvumilia. Nilikuwa naisukuma ile C kwa nguvu zangu zote, mashavu yamejaa, na yeye akapiga paja.

"Unagombana nayo! Acha kugombana!" Akainuka, akaenda dirishani. Ulikuwa mwezi wa Julai, baridi kavu ya Johannesburg, nyasi nje nyeupe kwa jalidi. Akapulizia kioo, polepole, kwa mdomo wake nusu, na ukungu ukatanda. "Hivi. Huwezi kufanya ukungu kwa kupuliza kwa nguvu. Unaufanya kwa joto. Pumzi pana, ya moto, haina haraka. Na kabla hujapiga, iimbe."

Nikasimama naye dirishani. Tukapulizia kioo wote wawili, mimi upande wangu na yeye wake, kama watoto. Kisha nikakaa, nikaiimba C, nikaipiga. Ilikuja. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa na sakafu.

Asubuhi hizo tulizungumza, kidogo kidogo, nikipumzisha mdomo. Siku moja nilimuuliza kitu nilichokuwa nacho tangu siku ile aliponitazama mlangoni.

"Wakati wako, mtu kama mimi angeweza kukaa kwenye kiti chako?"

Alikuwa anachovya biskuti ngumu ndani ya kahawa, anakula kwa upande mmoja.

"Mtu kama wewe angeingia kwa mlango wa nyuma, kufagia," akasema. "Kulikuwa na bwana mmoja mfagiaji. Alikuwa anapiga tromboni kwenye bendi ya kanisa lake, Soweto. Nilijua, kwa sababu alikuwa akisimama kusikiliza akiwa na ufagio, na mkono wake wa kulia ulikuwa unasogea mbele na nyuma kufuata nota zetu. Miaka kama sita hivi."

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu." Aliweka kikombe chini. "Sikumuuliza hata jina. Ndicho nilichofanya. Usinitafutie udhuru."

Sikumtafutia. Nilichukua tuba, nikaendelea na mazoezi, na siku ile hatukuzungumza tena. Nilipofika nyumbani nilijiuliza kama nirudi kesho yake. Nilirudi. Sikuwa nimemsamehe, wala halikuwa jambo langu kusamehe. Nilirudi kwa kuwa tuba ilikuwa pale, na kwa kuwa saa mbili asubuhi ilikuwa saa pekee katika siku yangu ambapo mtu aliningojea.

Siku ya usaili aliifunga mwenyewe ndani ya begi. Sikumwomba aje, wala hakusema anataka kuja. Fundi aliomba gari la muumini mwenzake, akanipeleka akiwa amevaa koti lake la kanisa ingawa ilikuwa Jumatano. Njiani, kwenye robot nyekundu, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, alifunga macho akaniombea kwa Kiswahili na Kifaransa mpaka wa nyuma yetu akapiga honi.

Usaili wa okestra hufanyika nyuma ya pazia. Waamuzi hawakuoni, wala huwaoni. Unatembea juu ya zulia ili viatu visiseme kama wewe ni mwanamke au mwanamume. Unakaa, unaona nguo nyeusi mbele yako, na mtu anasema, "Mpigaji namba tano, tafadhali anza." Sijawahi kuwa peke yangu kiasi kile. Lakini nilikuwa nimeshazoea. Wengine nadhani pazia liliwatisha. Kwangu mimi lilikuwa kama chumba changu tu.

Nilipiga kile kipande cha peke yako. Kikaimba. Kisha vipande vya okestra, vingine kwa tuba kubwa, kimoja kwa F, kile kinachoshuka hadi C na kukaa hapo. Niliiimba kichwani. Nikapuliza kama napulizia kioo. C ikatoka, ikasimama, ikajaza sakafu, na nyuma ya pazia nikasikia mtu mmoja anavuta kiti.

Waliniita raundi ya pili, kisha ya tatu. Saa kumi jioni meneja alitoka akaniambia nafasi ni yangu, kwa msimu mmoja wa majaribio. Fundi alikuwa amelala ndani ya gari. Nilipomwamsha na kumwambia, alishuka akacheza barabarani akiwa na koti lake, na walinzi wa ukumbi wakampigia makofi.

Niliirudisha tuba Kensington kabla giza halijaingia. Mzee aliuliza, "C?" Nikamwambia ilitoka. "Basi," akasema. Akafungua begi, akaisimamisha tuba kwenye kona, akaifuta kwa kitambaa pale vidole vyangu viliposhika. Mimi nilikuwa nimesimama sijui niende au nikae. Nilitamani aseme neno. Mwishowe akasema, "Kile kiti kina mguu mmoja mfupi. Weka karatasi chini," na nikajua anasema kiti cha tuba, kiti chake.

Miezi mitano baadaye bintiye wa Australia alikuja kumchukua. Nyumba ikauzwa. Niliamini, sikatai, kwamba ataniachia tuba. Hata nilikuwa nimeshapanga pa kuiweka. Siku ya kuaga niliikuta imeshafungwa ndani ya sanduku gumu lenye karatasi za shirika la ndege. Bintiye alinivuta jikoni.

"Nimemwambia akupe," akanong'ona. "Hataki. Naona aibu. Hawezi hata kuipiga."

"Mwache aende nayo," nikamwambia, na nilipolisema niliona kwamba namaanisha. Kule alikokuwa anakwenda hakuna mtu anayemjua zaidi ya binti. Wa pili wa kusalimia, hata kama ni tuba, asingekuwa amezidi.

Tulipeana mikono mlangoni. Ulikuwa mkono mkubwa, wa joto. Alisema nijihadhari na hita.

Msimu ule wa majaribio niliazima F huku na huku, nyingine nikazipenda, nyingine zikanitesa. Mwaka uliofuata, nilipothibitishwa kazini, nilipata moja iliyotumika, kutoka kwa mpigaji wa Ujerumani aliyekuwa anastaafu. Ilikuja kwa ndege. Kwenye ofisi ya mizigo, mama mmoja wa forodha alifungua sanduku, akainamia ndani, akanitazama.

"Hii ni nini, sisi?" akaniuliza, yaani dada.

"Tuba."

"Ya kazi gani?"

"Ya kupiga. Okestra."

"Hebu piga basi. Nijue hujanidanganya."

Nikapiga pale pale, katikati ya maboksi, juu kisha chini. Vyombo vya siku hizi vimerekebishwa: C ya chini ikatoka bila shida yoyote, kama mlango usiofungwa. Yule mama alicheka, akagonga muhuri. "Sharp. Nenda na mtoto wako."

Nilimwandikia mzee ujumbe: tuba mpya, C haina shimo. Kesho yake akajibu, "Basi utakuwa mvivu." Tukaandikiana hivyo kwa miezi kadhaa, maneno machache, karibu yote kuhusu mirija na pumzi. Kisha majibu yakawa marefu na yenye adabu, nikajua anayeandika ni binti. Sasa hayaji.

Fundi naye amehama, amefuata kazi Cape Town na familia yake yote. Chumba cha mbele amekodi kijana wa kurekebisha simu, anayeweka muziki wake mchana kutwa na hajawahi kuniuliza ninachopiga. Kiswahili changu nakipeleka Mayfair, mtaa wa Wasomali hapa mjini, mara moja moja, kwenye duka la Msomali aliyekaa Mombasa, tunasalimiana mpaka salamu zinaisha, nanunua mchele, narudi.

Jumapili iliyopita tulikuwa na tamasha la mchana. Nilikuwa na tuba zote mbili, kubwa na F, nikibadilisha katikati. Lilipoisha watu walisimama wakapiga makofi, na mwongozaji akatuinua safu kwa safu: honi, tarumbeta, tromboni. Mimi huinuka na tromboni. Baadaye wenzangu walikutana na wake zao, waume zao na watoto pale ukumbini. Mpiga tuba huchelewa kutoka, kwa kuwa lazima umwage maji kwenye mirija, ufute vali, ufunge mabegi mawili. Nilipomaliza, jukwaani palikuwa na mtu mmoja tu, bwana anayekunja viti.

"Nikusaidie?" akauliza.

"Nisaidie hii kubwa mpaka mlangoni."

Akaibeba. F nikaibeba mwenyewe, kifuani. Nje jua lilikuwa bado lipo, barabara tulivu ya Jumapili. Bwana aliiweka ile kubwa chini taratibu, akarudi kwenye viti vyake, nami nikasimama katikati ya mabegi mawili nikingoja gari.